Zuio la Udongo Chini ya Dampo: Namna ya Kulijenga Lisipasuke

Tabaka la udongo wa mfinyanzi lililoshindiliwa asubuhi ya Agosti nje ya mji wa Dodoma linaweza kuonyesha nyufa za kwanza kabla jua halijatua. Ni nyufa nyembamba. Anayepita juu yake kwa gari hazioni, na leya inayofuata ikishamwagwa hakuna atakayeziona tena. Lakini zipo, na siku taka zitakapokuwa zimerundikana juu, maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye taka hizo yatapita humo humo kuelekea kwenye visima vya watu.

Makala hii ni ya wahandisi vijana, mafundi sanifu, wakandarasi na maofisa wa halmashauri na kaunti wanaopewa kazi ya kujenga au kupokea dampo la kisasa. Miji yetu imemwaga taka juu ya ardhi tupu kwa muda mrefu. Dampo la Dandora jijini Nairobi lilianza kupokea taka katika miaka ya 1970 bila zuio lolote chini yake. Sasa madampo yenye zuio yanajengwa, kwa fedha za umma, na nguvu nyingi hutumika kutafuta udongo mzuri ilhali wachache wanahangaika kuutunza ukishapatikana. Udongo wa kufaa upo sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kinachotuponyoka ni unyevu wake.

Kipimo kinachotafutwa

Kanuni za nchi nyingi zinataka maji yasipenye zuio kwa kasi inayozidi mita 0.000000001 kwa sekunde. Yakishuka kwa uzito wake tu, hizo ni kama sentimita 3 kwa mwaka. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1991 inadai sentimita 60 za udongo wa namna hiyo, geomembreni ya plastiki juu yake, na maji ya taka yasiyozidi kina cha sentimita 30 juu ya zuio. Agizo la Ulaya la mwaka 1999 linataka unene wa mita 1 kwa taka za kawaida na mita 5 kwa taka hatari. Pale ardhi ya asili isipotosha, zuio la kujengwa lisipungue sentimita 50.

Fanya hesabu ya hekta moja ya udongo peke yake, bila plastiki. Maji yakiwa na kina cha sentimita 30 juu ya sentimita 60 za udongo uliofikia kipimo, zitapita karibu lita 1,300 kwa siku. Nyufa zikiongeza upenyaji mara 100, nafasi ya kupita inafika lita 130,000 kwa siku, na kitakachobaki kuzuia ni ukosefu wa maji yenyewe. Plastiki hupunguza sana kiasi hicho, ila hakuna plastiki inayotandazwa kwenye eneo kubwa bila kutoboka mahali fulani, na chini ya kila tundu mwamuzi ni udongo.

Mwaka 1984 David Daniel, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Texas, alichapisha mifano ya mazuio ambayo maabara ilikuwa imeyapitisha, lakini yalipopimwa yakiwa ardhini yalionekana kupitisha maji mara 10 hadi 1,000 zaidi. Chanzo chake kinaeleweka. Sampuli iliyoshindiliwa ndani ya kopo haina mabonge, haijapigwa na jua, wala haina mpaka kati ya leya na leya. Kazi ya msimamizi ni kuhakikisha hata uwandani mambo hayo matatu hayapo.

Acha tabia za barabarani

Wakandarasi wengi wanaojenga madampo wametokea kwenye barabara, na huleta mazoea ya huko. R. R. Proctor, mhandisi wa Marekani, alionyesha mwaka 1933 kwamba kwa nguvu fulani ya kushindilia, kila udongo una kiasi kimoja cha maji kinachoufanya ushikamane kwa uzito mkubwa kuliko wote. Hicho ndicho tunachokiita unyevu bora. Fundi wa barabara hupenda kufanya kazi hapo au chini kidogo ya hapo, maana udongo unakuwa mgumu na rola haizami. Akishapata asilimia 95 ya uzito wa Proctor, anahesabu kazi imekwisha.

Zuio linataka upande wa pili, ule wenye maji zaidi. Udongo ulioshindiliwa ukiwa mkavu kuliko unyevu bora hubaki na vijibonge vigumu vyenye mianya katikati, hata kama uzito wake umefika asilimia 95. Ukiwa na maji kidogo zaidi, vijibonge vinalainika, vinabonyea na kuungana. Mwaka 1965 James Mitchell na wenzake, Marekani, walionyesha kuwa kuvuka mpaka huo kwa asilimia chache tu za maji kunaweza kupunguza upenyaji mara 100 au hata 1,000, udongo ukiwa ni uleule. Kwa hiyo usikubali mkataba unaotaja asilimia 95 peke yake. Andika kiwango cha unyevu pia: kuanzia unyevu bora hadi asilimia 4 juu yake. Njia iliyo bora zaidi ni kuiagiza maabara ishindilie sampuli kwa nguvu tatu tofauti na unyevu tofauti, ipime upenyaji wa kila moja, kisha ichore kwenye grafu eneo ambalo zote zimefaulu. Eneo hilo ndilo msimamizi anakwenda nalo uwandani.

Hapa kuna mvutano ambao vitabu vya nchi za baridi havikutilia uzito mwanzoni. Maji yanayotusaidia kupunguza upenyaji ndiyo yatakayoondoka udongo ukikauka, na kadiri yalivyokuwa mengi ndivyo udongo utakavyosinyaa na kupasuka. Sehemu zenye mvua nyingi mhandisi anaweza kupuuza jambo hili kwa muda. Dodoma, Shinyanga, Garissa au Turkana hawezi. Mwaka 1993 Daniel na mwenzake Wu walipendekeza kwa maeneo makavu kwamba maabara ipime pia kusinyaa: sampuli ikikauka, ujazo wake usipungue zaidi ya asilimia 4 hivi. Njia ya kutimiza masharti yote mawili ni kuchagua udongo wa mfinyanzi wenye mchanga wa kutosha, halafu kuushindilia kwa nguvu kubwa. Nguvu ikiongezeka unyevu bora unashuka, kwa hiyo unapata upenyaji mdogo kwa maji machache, na nyufa zinapungua. Kama utabaki na jambo moja la kiufundi kutoka makala hii, naomba liwe hili.

Udongo upi

Tafuta udongo ambao angalau asilimia 30 yake inapita kwenye chekeche la milimita 0.075, wenye kielezo cha unyumbukaji kati ya 10 na 30, na usio na mawe makubwa kuliko sentimita 2.5 hadi 5. Chini ya 10 udongo hauna mnato wa kutosha kuziba. Juu ya 30 unakuwa msumbufu: ukilowa unanasa kwenye miguu ya rola, ukikauka unageuka mabonge yasiyovunjika.

Udongo mweusi wa mbuga huwavutia wengi kwa sababu maabara huonyesha haupitishi maji kabisa. Jihadhari nao. Umejaa montmoriloniti, madini yanayovimba yakilowa na kusinyaa yakikauka, na yeyote aliyetembea kwenye nyanda za Athi au mbuga za Shinyanga mwishoni mwa kiangazi ameona jinsi ardhi inavyofunguka. Ukilazimika kuutumia, changanya na mchanga au udongo mwekundu mpaka jaribio la kusinyaa lipite, na usiuache wazi hata siku moja.

Udongo mwekundu wa nyanda za juu una tabia nyingine. Bwawa la Sasumua, linalopelekea Nairobi maji, lilijengwa kwa udongo wa namna hiyo katika miaka ya 1950, na vipimo vyake viliwashtua watu: maji ya kushindilia mengi, uzito mdogo. Mhandisi Karl Terzaghi alieleza katika maandishi yake ya mwaka 1958 kwamba udongo ule una madini ya haloiziti, na chembe zake zimeshikana katika vifungu vidogo vigumu, hivyo ulikuwa imara na mzuri kuliko vipimo vya kawaida vilivyoashiria. Fundisho kwa maabara zetu ni la moja kwa moja. Udongo wa aina hii ukikaushwa kabla ya kupimwa hubadilika na haurudi ulivyokuwa. Upeleke maabara ndani ya mfuko usiopitisha hewa, ukiwa na unyevu wake wa shambani, na uandike wazi kwenye fomu kwamba usianikwe wala kutiwa kwenye oveni kabla ya majaribio ya Proctor na unyumbukaji.

Pwani ina jambo lake. Kwenye visima vingi vya mwambao maji ni ya chumvi, na chumvi hufanya udongo wenye montmoriloniti ushikane kwa vifungu na kuacha mianya mikubwa. Pima maji ya kushindilia kabla ya kuyakubali, kama unavyopima ya zege.

Mabonge na muda wa kulowa

Udongo ukitoka machimboni kiangazi huja na mabonge. Boza likipita na kunyunyiza, mabonge hupata rangi ya unyevu nje huku ndani yakiwa makavu, kama ugali wenye madonge ya unga mbichi. Rola haiwezi kurekebisha hilo. Vunja mabonge kwanza kwa haro la visahani au mashine ya kutifua mpaka yasizidi sentimita 2 au 3, nyunyiza maji kidogo kidogo huku unageuza, kisha acha rundo likiwa limefunikwa kwa nailoni kwa saa 24 hadi 48. Mkandarasi atalalamika kuwa anapoteza siku. Pasua bonge moja mbele yake umwonyeshe katikati yake.

Kabla ya kusubiri majibu ya oveni, mkono una jibu lake. Chukua udongo kiasi cha kiganja, uviringe juu ya kioo au kigae mpaka uwe kamba nene ya milimita 3. Ukikatika kabla ya kufika hapo, kwa kawaida bado ni mkavu mno. Ukiviringika na kuendelea kuwa mwembamba bila kupasuka, uko karibu na unyevu unaotakiwa. Ukiacha utelezi mkononi, umezidi. Hii haiondoi kipimo rasmi, ila inaokoa leya nzima isimwagwe bure.

Rola na leya

Tandaza leya isiyozidi sentimita 20 hadi 23 kabla ya kushindiliwa. Itashuka kufikia kama sentimita 15. Tumia rola yenye miguu, uzito wa tani 18 au zaidi, na miguu mirefu inayopenya leya nzima na kugusa ile ya chini. Rola laini ya barabara hubonyeza juu tu na kuacha uso unaong'aa, na leya mbili zenye uso wa namna hiyo hazishikani. Maji yakipita kwenye ufa wa leya ya juu hukimbia kwenye mpaka huo mpaka yapate ufa wa leya ya chini. Kwa hiyo, kabla ya kumwaga leya mpya, kwaruza ya chini kina cha sentimita 2 au 3 na uilowanishe kidogo. Rola ipite mahali pamoja si chini ya mara 5.

Kwenye kuta za shimo, mteremko usizidi mita 1 ya kupanda kwa kila mita 3 za usawa, au 2.5 ukiwa na mtambo mzuri. Hapo rola inapanda na leya zinalala sambamba na ukuta. Ukuta mkali zaidi utakulazimisha kujenga leya za usawa, na mipaka yake yote itaishia kwenye uso unaokutana na maji ya taka.

Vigingi vya mpima ardhi huacha matundu. Ving'olewe na matundu yajazwe bentonaiti au udongo uleule, yashindiliwe kwa fimbo. Vivyo hivyo kila tundu la kipimo.

Jua

Sehemu hii ndiyo inayoangusha kazi nyingi. Kiangazi, upepo ni adui sawa na jua, na mara nyingi hulipita. Panga siku yako hivi: usifungue eneo kubwa kuliko unaloweza kumwaga, kushindilia na kufunika siku hiyohiyo. Anza alfajiri. Boza liwe limejaa na liko tayari hata kama udongo umefika na unyevu sahihi, kwa sababu udongo ukishatandazwa unyevu huo unaanza kupungua.

Jioni, pitisha rola laini juu ya leya ya mwisho ili kufunga uso. Hapo ndipo rola hiyo ina faida: uso laini hupoteza maji polepole, na mvua ya ghafla huteleza badala ya kutuama. Kisha funika kwa nailoni iliyokandamizwa kwa mifuko ya mchanga, au mwaga sentimita 20 au 30 za udongo wa kawaida zitakazoondolewa baadaye. Kunyunyiza tu kila baada ya saa chache hakutoshi. Uso hulowa na kukauka, hulowa na kukauka, na mzunguko huo wenyewe huzalisha nyufa. Majaribio ya watafiti Albrecht na Benson yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha sampuli zilizokaushwa na kuloweshwa tena zikipitisha maji hadi mara 500 zaidi ya awali, na kuloweshwa upya hakukuzirudisha zilivyokuwa. Wale wanaosema udongo wa mfinyanzi hujiziba wenyewe ukipata maji wana nusu ya ukweli: uzito mkubwa wa taka husaidia kubana nyufa, lakini pembeni na kwenye miteremko ambako taka ni chache, uzito huo haupo.

Geomembreni nayo isikudanganye kwamba kazi ya kulinda imekwisha. Plastiki nyeusi juani hupata joto kali sana. Mchana maji hutoka kwenye udongo na kujaa kama mvuke katika mikunjo chini ya plastiki. Usiku mvuke hugeuka matone, matone hutiririka kwenye mteremko hadi chini. Baada ya wiki kadhaa, udongo wa juu ya mteremko umekauka na kupasuka huku umefunikwa, na wa chini umelowa kupita kiasi. Dawa yake ni kuinyoosha plastiki igusane na udongo na kuifunika mapema kwa mchanga au kokoto za mfereji. Kuna geomembreni zenye uso mweupe zinazopunguza joto. Kwa ukanda wetu, tofauti ya bei yake naiona ni halali kabisa.

Ukikuta ufa

Usiruhusu ufa ujazwe uji wa udongo wala kupitishiwa rola juu. Chimba kidogo kando yake uone unaishia wapi. Ukiwa ni wa sentimita moja au mbili, kwaruza uso huo wote, lowanisha, changanya na ushindilie upya. Ukiwa umeingia ndani zaidi, leya nzima ya eneo hilo iondolewe, ivunjwe, irudishiwe maji kwa siku moja au mbili na kutandazwa upya. Kama huna hakika, mimina maji yenye rangi kwenye ufa, subiri, kisha kata handaki dogo. Rangi itakuonyesha njia yote, pamoja na pale inapokimbia kwenye mpaka wa leya. Ipige picha, uiweke kwenye taarifa. Mkandarasi aliyeona rangi hiyo kwa macho yake hubishana kidogo.

Upimaji

Mwongozo wa Marekani unapendekeza vipimo kama 13 vya unyevu na uzito kwa hekta, kwa kila leya. Kipimo cha nyuklia ni cha haraka, ila husoma pia maji yaliyofungwa ndani ya madini, kwa hiyo kilinganishe na oveni kwa udongo wako kabla ya kukiamini. Upenyaji wenyewe usiupime kwa sampuli ndogo peke yake. Kabla ya kazi kuu, jenga kiwanja cha majaribio chenye upana wa rola tatu au zaidi, kwa udongo, mitambo na watu walewale, kisha upime kwa pete mbili kubwa, ya ndani ikiwa imefunikwa. Ya ndani huwa na upana wa mita 1.5 hivi. Inachukua wiki kadhaa. Ratiba inayosema hakuna nafasi ya wiki hizo irudishwe kwa aliyeiandaa.

Mkataba na kupanga vizimba

Kulinda unyevu kunagharimu: nailoni, mifuko ya mchanga, boza linalosubiri, walinzi wa Jumapili. Kama gharama hizo hazimo kwenye orodha ya bei kama kipengele kinachojitegemea, mkandarasi atazikwepa, na sioni haki ya kumlaumu. Ziweke, na malipo yafuate ukaguzi wa kila asubuhi wenye sahihi ya pande mbili.

Mwisho, gawa dampo katika vizimba, na ujenge kizimba kimoja kwa wakati, chenye ukubwa unaoweza kuanza kujazwa mara kitakapokamilika. Zuio la hekta tano lililomalizika Mei na kusubiri taka hadi Novemba litakuwa limepitia kiangazi kizima likiwa tupu. Ukianza kulijaza, leya ya kwanza ya taka iwe na kina cha mita moja hivi, ya taka laini za masokoni na majumbani, bila nondo, mbao wala vipande vya zege, na isishindiliwe kwa mtambo mzito. Isambazwe chini na kwenye miteremko yote mapema iwezekanavyo, kabla ya kuanza kupanda juu sehemu moja.